Mteja wa ghala la mkonge anataka pampu ya shamba kwa kazi ya zimamoto, nimjibu nini?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nauza pampu hapa Tanga, eneo langu ni mjini mpaka Korogwe. Nina mteja mwenye ghala la mkonge: marobota yamepandana hadi karibu na bati, vumbi la chumba cha brashi, kunakosuguliwa nyuzi, limetanda kila kona. Nimempa bei ya pampu ya zimamoto ya dizeli, galoni 750 kwa dakika, presha bar 7, pamoja na paneli yake ya kuiwasha na kuiongoza, na ile pampu ndogo ya kushikilia presha. Afisa manunuzi akaisoma, akacheka, akanitolea proforma (karatasi ya bei) ya pampu ya umwagiliaji yenye injini ya nguvu ileile. Bei haifiki nusu. "Maji si maji tu?" Bosi naye anataka nishushe bei nifunge mauzo mwezi huu. Mliotangulia mnawajibuje?

Fundi Makorora
Usishindane naye bei, utaumia. Afisa manunuzi kazi yake ni kulinganisha makaratasi. Mtafute fundi mkuu, muitishe grafu ya maji na presha ya hiyo pampu ya shamba. Kiwango cha NFPA 20, cha Marekani cha pampu za zimamoto, kinataka pampu ikitoa maji asilimia 150 ya kiasi chake, presha isishuke chini ya asilimia 65 ya presha yake; na vali zote zikifungwa, isipite asilimia 140. Kwa yako ni galoni 1,125 kwa bar 4 na nusu hivi. Waulize kama ya shamba inafika hapo mipira yote ikifunguliwa.

Halafu paneli. Injini ya shamba ikichemka au oili ikishuka, inazimwa ipone. Ya zimamoto ikishajiwasha kwa moto, inapiga king'ora tu na kuendelea kusukuma; itajizima ikipitiliza mwendo, vinginevyo mpaka mtu aizime kwa mkono. Bora iungue injini kuliko ghala. Hilo mweleze mwenye mali mwenyewe, si karani wake.

Dada wa Pongwe
Fundi kasema kweli, ila grafu si kila mtu anaisoma. Mimi naanza na mtu wa bima. Akishaandika kwenye ripoti yake kuwa ghala linahitaji pampu ya zimamoto, mteja ananipigia simu mwenyewe. Na weka matengenezo kwenye bei: ya dizeli huwashwa kila wiki kwa dakika 30, na betri ni seti mbili. Asiyeambiwa mapema ataiacha ishike kutu, kisha atakulaumu wewe. Bosi wako naye aelewe, hizi ni biashara za miezi. Na Jumatatu asubuhi usihangaike kwenda, wote wako vikaoni.

Kijana wa Ngamiani
Ahsante dada. Fundi, shikamoo. Tangi lao limechimbiwa ardhini, pampu niliyowapigia bei ni ya kulala, inakaa juu sakafuni. Itavuta?

Fundi Makorora
Marahaba. Hata ikivuta, hairuhusiwi. Pampu ya kulala maji lazima yaijie yenyewe kutoka juu. Hapo ni pampu ya wima inayozama tangini, au wajenge tangi juu ya ardhi. Na lipime: galoni 750 kwa saa nzima ni kama lita 170,000. Badilisha proforma kabla hawajasaini, na nitumie kina cha hilo tangi.