Wapenda magari wa Tabora: tujaribu otokrosi au tuendelee kupimana barabara ya Nzega?

Altezza_ya_Isevya:
Mwangaluka wakuu. Nina Altezza ya gia za mkono, mwaka wa nne huu naitunza kama mtoto. Sisi wenye magari huku tumezoea Jumamosi usiku tunatoka kwenda barabara ya Nzega kupimana nani anakimbia. Mwezi uliopita mwenzetu alikutana na ng'ombe katikati ya lami, giza totoro, yeye kapona lakini mguu umevunjika sehemu mbili na gari imebaki skrepa, na tangu siku ile mimi sijaenda tena, nikilala naisikia ile breki. Sasa kuna video naziona za otokrosi, watu wanapanga koni uwanjani, unapita peke yako na gari yako ileile ya kwendea kazini wanakupigia taimu. Naomba anayeijua aniambie kweli, ina raha au ni kuzunguka koni tu? Inaua gari? Na hapa kwetu inawezekana?

Mtoto_wa_Kanyenye:
Mkuu pole sana kwa huyo ndugu, Mungu amponye. Mi nlisoma Marekani miaka mitatu na huo mchezo nimeucheza kule kwa kigari cha kawaida kabisa, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwa macho. Kule unasimamiwa na SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani cha tangu 1944, wao wanauita Solo, na fainali zao za taifa zinafanyika Lincoln kule Nebraska kwenye sakafu ya zege ya iliyokuwa kambi ya jeshi la anga, wanakuja madereva zaidi ya elfu moja. Lakini wikendi za kawaida ni paking ya uwanja wa mpira tu na watu na familia zao.

Asubuhi unakaguliwa gari, betri imefungwa, nati za matairi zimekazwa, breki inashika, ndani hamna kitu kinachozunguka hata chupa ya maji, helmeti lazima. Halafu mnatembea njia kwa miguu, na hapo ndo mchezo wenyewe ulipo maana ukishakaa kwenye usukani koni zote zinafanana na kama hujaikariri njia utapotea. Unapita mara tatu nne hivi, inachukuliwa taimu yako bora, kila mzunguko kama dakika moja au chini yake. Ukigusa koni ikaanguka au ikatoka kwenye alama yake unaongezewa sekunde 2, ukikosa geti, yaani nafasi ya kupita kati ya koni mbili, taimu ya mzunguko huo haihesabiwi. Spidi? Muda mwingi uko gia ya pili, kufika 100 kwa saa ni mara chache.

Raha ipo na ni kubwa. Mara ya kwanza niliingia kona kwa fujo, matairi yanalia, najiona nimeua, kumbe mzee wa miaka sitini na kitu mwenye gari dhaifu kuliko yangu kanipita sekunde nne. Alikaa na mimi kiti cha abiria akaniambia kitu kimoja tu, angalia koni ya tatu mbele usiangalie hii unayoipita. Mzunguko uliofuata nikapunguza sekunde mbili nzima, gari ileile, matairi yaleyale. Nlitetemeka mikono kwa furaha.

Kibaya chake ni muda, siku nzima juani na unaendesha kama dakika tatu nne tu, nyingine unasimama uwanjani kuokota koni za wenzako.

Fundi_Gereji_Ngambo:
Kuhusu kuua gari. Haiui injini, inakula matairi na pedi za breki, na kama boljointi au bushi za chini ya gari zilishachoka zitakuonyesha siku hiyohiyo, ambayo bora zikuonyeshe uwanjani kuliko ukiwa na watoto njiani kwenda Urambo. Upepo wa matairi pandisha kidogo, chora chaki ubavuni mwa tairi, ukimaliza mzunguko uangalie chaki imefutika mpaka wapi, ikifutika sana ujue tairi inalala. Na jamani Noah, Hiace, Prado msije nazo, gari ndefu kwenda juu na nyembamba kwenye kona za kugeuza haraka inapinduka, hata huko nje wanazikataa.

Dada_wa_Cheyo:
Naendesha IST. Nataka kuuliza kitu na wanaume mnisikie, barabara ya Nzega sijawahi kuja na siwezi kuja, lakini hii ya koni mchana kweupe mtu anapita peke yake mimi nakuja kesho. Kuna madaraja ya magari madogo?

Mtoto_wa_Kanyenye:
Yapo dada, kila gari inashindana na za aina yake. Kenya hapo jirani wanaendesha ya kwenye vumbi na watoto wana daraja lao. Vumbi si kikwazo, gari inateleza kwenye spidi ndogo zaidi, unajifunza haraka.

Mzee_wa_Kipalapala:
Vijana nawaunga mkono ila msianze kienyeji. Kibali cha eneo, polisi wapewe taarifa, AAT, chama cha magari Tanzania, ndio wanaosimamia michezo ya magari nchini muwaulize utaratibu. Watazamaji wakae mbali nyuma ya kamba na sio pembeni ya koni, huku kwetu watoto wakisikia gari inalia wanakimbilia. Muwe na mtu wa huduma ya kwanza na mtungi wa kuzimia moto. Na someni bima zenu, nyingi hazilipi ukipata ajali mashindanoni.

Altezza_ya_Isevya:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimeongea na wenzangu sita wa Jumamosi, wanne wamekubali. Nimefikiria viwanja vya Nanenane Ipuli maana nje ya Agosti vinakaa wazi, kesho naenda kuuliza ofisini anayevisimamia ni nani. Mtoto wa Kanyenye naomba Jumapili tukutane, uje tupime eneo kwa hatua. Dada wa Cheyo njoo pia. Yule mwenzetu wa mguu kasema yeye atashika saa.

Fundi_Gereji_Ngambo:
Leteni magari Ijumaa jioni niyapandishe juu niangalie chini. Kuangalia silipishi.