Tupeane uzoefu: uliishije na wazazi nyumbani wakati unatafuta kazi?

Mwana wa Mpakani, Busia

Habari zenu ndugu zangu. Kuna jambo linatukaba koo vijana wengi na tunaona haya kulisema, naomba leo tuliseme.

Nilimaliza shahada ya ununuzi na ugavi miaka miwili iliyopita, na tangu hapo niko kwa wazazi hapa Busia ya Uganda. Baba yangu ni wa wale waliovusha watu kwa baiskeli kutoka upande wetu kwenda upande wa Kenya, kazi ile ile iliyozaa jina la boda boda. Kwa miguu yake alinilipia karo mpaka kidato cha sita. Chuo kilipofika miguu haikutosha, akauza kiwanja chake pekee. Kwa hiyo akiniuliza jambo, sina mdomo wa kumjibu vibaya.

Swali lake ni moja, la asubuhi. Yuko kwenye kigoda na chai yake, redio imebanwa sikioni, mimi ndiyo natoka kunawa uso. "Leo unakwenda wapi?" Basi. Hakuna tusi wala kelele. Lakini swali hilo lilinifanya mwaka mzima niamke saa kumi na moja alfajiri, niondoke kabla yake, nikakae karibu na malori yanayosubiri kuvuka mpaka, hadi adhuhuri, ndipo nirudi na sura ya mtu aliyekuwa mahali. Namdanganya baba yangu kila siku ya Mungu. Ile ilinichosha kuliko kutafuta kazi kwenyewe.

Kilichonisaidia ni kaunta buku. Nilianza kuandika kila ombi: tarehe, ofisi, kazi gani, pesa ngapi zimetoka, jibu. Niliandika kwa ajili yangu tu. Siku moja nikaisahau mezani, na jioni nikamkuta baba ameifungua, miwani puani, kidole kimesimama kwenye mstari mmoja. "Nakala tatu za nini?" Nikamweleza kwamba nafasi za serikali wilayani tunaziomba kwa ile Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma, wanataka nakala tatu, na kila nakala ibebe picha na vyeti vyake. Akahesabu kwa midomo. Kurasa 14 mara tatu, shilingi 200 kila ukurasa, bado picha, bado nauli ya kupeleka kwa mkono. Akarudi kurasa za nyuma. Maombi 61. Walioniita kwenye usaili, 4.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe unafanya kazi."

Swali la asubuhi halijaisha, ila siku hizi ni "Leo ni ombi la ngapi?" Nami namjibu kwa namba. Wenzangu, ninyi mliishije?

Mwalimu wa Historia, Arua

Mimi nilisumbuliwa na mshahara wa mtu mwingine. Julai 2022 serikali ilipowapandisha walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tulibaki tulipokuwa, hata mgomo tulioufanya haukutusogeza. Mtoto wa jirani yetu anafundisha fizikia. Mama akawa hawezi kuchambua mchele bila kumtaja.

Mimi hata hiyo nafasi ya serikali sikuwa nayo. Nilikuwa shule ya binafsi kwa laki mbili na nusu, na katikati ya muhula unapewa nusu yake na ahadi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyenichagulia historia na dini kidato cha tano ni baba, alitaka niwe mwanasheria. Siku moja nikamkumbusha mbele ya wageni. Nilikosea. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi na kilo mbili za sukari, akazipokea bila kuniangalia. Tangu hapo jina la mtoto wa jirani halitajwi kwetu, lakini na mimi sitajwi. Bado naomba nafasi, na likizo nafundisha watahiniwa masomo ya ziada.

Binti wa Mbale

Kwa mabinti ni tofauti kidogo. Kwetu hawakuniuliza kazi iko wapi, walianza kuniuliza mume. Baba alikuwa anasema, "Kama ofisi hazikutaki, kuna nyumba inakutaka." Akaletwa mwanamume wa biashara ya mahindi, mtu mzima, ana heshima zake, sina neno baya juu yake. Ila sikumtaka.

Nilijua nikimjibu baba mwenyewe nyumba itawaka. Nikapanda taksi hadi kwa shangazi, dada yake mkubwa, nikamwaga yote. Hakunipa jibu, akanipa chakula. Wiki ile ile akaja kwetu bila kuitwa, akaketi sebuleni na kumwita baba kwa jina lake la utotoni. Yale aliyomwambia, ningeyasema mimi ningelala nje: kwamba anataka kurudisha karo yake kwa mlango wa mahari. Baba alinyamaza. Nilipewa mwaka mmoja. Mwezi wa tisa nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki, ndogo, lakini asubuhi natoka.

Mabinti, msibishane na baba. Mtafuteni mtu ambaye baba alimwamkia akiwa mtoto.

Msafiri Aliyebaki, Iganga

Mama alitaka niende Uarabuni. Dalali alikuja nyumbani mara tatu, anataka milioni moja na nusu "ya makaratasi", na mbuzi walishauzwa. Nikamwomba jina la kampuni tu. Kampuni za kupeleka watu nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na orodha yake ipo. Nikaenda Kampala kuuliza. Jina halikuwemo.

Mama alilia, na si kwa sababu ya dalali. Alishawaambia wenzake wote msikitini kwamba nasafiri.

Mzee wa Reli, Tororo

Wanangu, mniruhusu. Mimi ni mzazi.

Niliingia reli mwaka 1981 na cheti cha kidato cha nne. Niliomba Jumatatu, Alhamisi nikavaa ovaroli. Kwa hiyo kijana wangu aliponiambia ameomba miezi minane bila kitu, moyoni nilisema huyu analala mahali. Sikumwamini mtoto wangu, nalisema wazi.

Mwaka jana nikamsindikiza kwenye usaili. Nafasi zilikuwa mbili, karani wa ghala. Nilikuta vijana wamejaa mpaka barabarani, akina mama wengine na watoto mgongoni, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Nilikaa chini ya mti toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Alipotoka sikumuuliza. Nilimnunulia rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, tukala tumesimama, tukarudi.

Na ninyi mjue yetu. Tukienda msibani tunaulizwa, "Yule wako aliyesoma yuko wapi sasa?" Swali tunalowauliza asubuhi, sisi tumelala nalo.

Mwana wa Mpakani, Busia

Asante sana mzee. Nikuulize: kijana akikosa, jioni ungependa akwambie nini?

Mzee wa Reli, Tororo

Aniambie amekosa. Asikae nje mpaka giza, mama yake halali.

Kijana wa Kisenyi, Kampala

Nimesoma ya mzee mara mbili. Yangu hayakuisha vizuri.

Mimi na baba tulifika kwenye mikono. Alinishika shati, nikamsukuma, akaanguka kwenye ndoo za maji mbele ya wadogo zangu. Usiku ule ule nilipanda basi na begi moja. Sasa nabeba mizigo Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, mchana, jioni nakanda chapati na rafiki yangu. Vyeti viko kwenye nailoni chini ya godoro, na kila Jumapili naviangalia kama havijaingia unyevu.

Kila mwisho wa mwezi namtumia baba elfu ishirini kwa simu. Hatujaongea tangu siku ile, huu ni mwaka wa pili. Lakini nikishatuma, hazipiti dakika tano, simu yangu inalia mara moja na kukatika. Namba yake. Ameibipu tu, nijue imefika.

Mwezi uliopita alibipu mara mbili. Nimekaa na simu mkononi tangu hapo, sijui nimpigie au ningoje ya tatu.