Naomba ushauri: mwanafunzi anaishia kwenye shikamoo, ombi halitoki

Wadau, tunaendesha mafunzo ya kujieleza kwa ujasiri kwa wanafunzi 10 wa chuo hapa Tanga, wiki 6, kila kikao dakika 90. Kila mmoja hupanga ngazi ya hofu, yaani orodha ya mambo anayoyaogopa, toka 0 (hakuna hofu) hadi 10 (hofu kubwa kabisa): kuuliza swali darasani 4, kumdai mwenzake wa chumba hela 5, kumwomba mhadhiri apitie upya alama 9. Huanzia chini. Akilikimbia tukio wakati hofu iko juu, mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Pumzi, kuvuta kwa hesabu 4 na kutoa kwa 6, hufanywa dakika 3 kabla ya tukio. Ikifanywa katikati ya tukio hugeuka kichaka cha kujifichia.

Tumekwama kwenye 9. "Naona swali la 3 halikusahihishwa, naomba uliangalie" inatoka vizuri wakiigiza na wenzao. Mbele ya mkubwa, baada ya shikamoo sauti inazama na ombi linakuwa "samahani, basi tu". Kumkazia macho mtu mzima wamelelewa kuona ni utovu wa adabu, na hilo hatutaki kuling'oa.

Mnaofundisha vijana wa pwani, mnawapa maneno gani ya kufungulia ombi baada ya salamu? Na mtu mzima wa kuigiza naye mnamleta kikao cha ngapi?