Wahudumu wa dharura tukitoka zamu tuacheni tunywe supu na tuongee! Barua za kujieleza ni za kosa gani?

Wakuu, habari za majukumu.

Nimevumilia, nimechoka. Mimi ni nesi wa kitengo cha dharura kwenye hospitali moja hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, na wanaoifahamu naomba nao wasilitaje, maana ninavyosikia kutoka kwa wenzangu wa kwingine, mambo haya hayako kwetu tu.

Kisa kiko hivi. Wenzangu walitoka zamu ya usiku, wakavuka barabara kwenda kwa mama ntilie wetu kunywa supu. Walikuwa bado na sare. Wakala, wakapiga soga, wakacheka. Kuna mtu meza ya pili akatoa simu, akawarekodi kimyakimya. Hawajafika hata makwao, klipu imeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, imeandikwa kwamba wagonjwa wanakufa ndani na manesi wako nje wanacheka. Watu hao walikuwa wameshakabidhi zamu! Wagonjwa wao walikuwa mikononi mwa wenzao walioingia asubuhi. Hilo hakuna aliyejali kuliuliza.

Uongozi nao, badala ya kuwakingia kifua watu wake, ukaandika barua za kujieleza kwa kila anayeonekana kwenye klipu, hata dada mmoja aliyekuwa ameinamia bakuli lake hasemi na mtu. Kisha likabandikwa tangazo: marufuku watumishi wa dharura kukaa vikundi nje ya hospitali, marufuku kuzungumzia kazi nje ya eneo la kazi.

Sasa tukaizungumzie wapi? Ndani mikono haipumziki. Nyumbani mume wangu ni fundi seremala, mtu mwema sana, lakini nikimsimulia nilichokiona usiku, yeye anakosa usingizi na mimi sipati nafuu. Watoto ndiyo kabisa, hawapaswi kusikia. Anayenielewa bila kumfafanulia ni yule niliyesimama naye upande wa pili wa kitanda.

Wengi humu hamjawahi kuona mtu ambaye moyo umesimama akihangaikiwa, kwa hiyo niwaeleze. Unakandamiza kifua kishuke sentimita 5 na kidogo, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila dakika 2 mnapokezana, kwa sababu mikono inaisha nguvu na mgandamizo unakuwa hafifu bila wewe kujua. Mwingine anasukuma hewa, mwingine anatafuta mshipa, mwingine ameshika saa anahesabu muda wa dawa. Mkishindwa, daktari anatamka saa ya kifo, mnausitiri mwili, mtu anakwenda kuwaambia ndugu. Hapo hapo machela nyingine inaingia, kijana wa bodaboda, mguu umevunjika, na waliomleta wanabishana mlangoni nani aende polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Mikono bado inatetemeka na tayari unachana suruali ya mtu mwingine kwa mkasi. Zamu nzima inakwenda hivyo, na yule wa kwanza hajatoka kichwani. Anatoka saa ngapi? Anaanza kutoka pale kwenye supu.

Wala msidhani tunakaa pale tukilia. Tunaanza na Simba na Yanga. Tunaulizana mchezo wetu wa kuchangiana hela mwezi huu unakwenda kwa nani, nani kauziwa kiwanja chenye mgogoro, nani mtoto wake kafaulu. Hicho kicheko cha kwenye klipu kilitokana na mwenzao aliyesinzia na kijiko mkononi, supu ikamwagikia sare. Basi! Hakuna mgonjwa aliyetajwa. Halafu katikati ya habari za mpira mmoja anauliza, "Hivi yule mtoto, kuna kitu tulikisahau?" Meza inanyamaza. Kiongozi wetu wa zamu, dada aliyeianza kazi hii kabla yetu sote, anamjibu, "Hakuna, mdogo wangu. Vyote ulifanya. Kunywa supu." Maneno hayo machache yamewazuia watu kuandika barua za kuacha kazi. Nawafahamu, na mmoja wao leo ndiye tunayemtegemea kupata mshipa wa mtoto mchanga pale wengine wote wameshindwa.

Kuna na faida nyingine ambayo aliyeandika lile tangazo haijui kwa sababu hajawahi kukaa pale. Fikirini dereva wa gari la wagonjwa. Anamkimbiza mama anayevuja damu baada ya kujifungua, anamfikisha, anageuza gari anaondoka. Hakuna anayempigia kumwambia kama yule mama alipona. Wapo pia madereva wa jamii wa m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, wenye magari yao binafsi, wanaoitwa kupitia namba 115 pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Mmoja wao, mzee wa makamo, huja kunywa chai pale pale. Asubuhi moja akaniuliza, "Mwanangu, yule mama niliyemleta alipona?" Nikamwambia, "Yuko wodini, baba, ananyonyesha." Mzee aliweka kikombe chini akafuta macho. Siku hiyo hiyo, tukiwa tunaendelea na mazungumzo, tukakubaliana na nesi mmoja wa kituo wanachotoka wagonjwa hao kwamba anayesindikiza rufaa apige simu wakiwa njiani, aseme damu imetoka kiasi gani, ili chupa za damu zianze kutafutwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Sasa wanapiga. Dakika zinazookolewa hapo ni uhai wa mtu, na zilipatikana kwenye hiyo meza mnayoipiga marufuku.

Nina rafiki aliyehudumia majeruhi wa moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Waliokufa walipita 100, na si wote waliofia barabarani, wengine walifia hospitalini siku zilizofuata, wakiwamo waliohamishiwa Muhimbili. Yaani kuna wauguzi waliowabadilishia bandeji, wakawajua kwa majina, wakawajua na wake zao, kisha wakawapoteza mmoja mmoja. Rafiki yangu huyo mpaka leo hawezi kukaa karibu na jiko la kuchomea nyama. Amelisema hilo mara moja tu, asubuhi baada ya zamu, kwa wenzake wa kazi. Angekutana na kamera ya mtu siku ile, asingelisema tena maisha yake yote. Na waliokuwa Kariakoo Novemba 2024 lile ghorofa lilipoporomoka, watu wako chini ya kifusi na sauti zao zinasikika, mnadhani walirudi nyumbani wakalala tu?

Tiba ya dharura kama fani bado ni changa hapa kwetu. Idara kamili ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Tangu hapo tumefundishwa mengi mazuri, namna ya kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, namna ya kumhudumia majeruhi hatua kwa hatua. Lakini kwenye kitengo chetu sijawahi kuona mtu akituita baada ya tukio zito akatuuliza, "Mko salama?" Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali nyingine za kiafya, ICD-11, na likaeleza wazi kwamba unatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Kazini! Kwa hiyo mwajiri anahusika moja kwa moja. Hakutupa chochote cha kutushusha huo mzigo, tukajitafutia wenyewe kwa hela zetu za supu, na hicho nacho anakitaka.

Najua mtaniuliza kuhusu siri za wagonjwa. Jina la mgonjwa, mtaa wake, ugonjwa wake, havifiki kwenye ile meza, na anayejisahau hunyamazishwa na wenzake kabla hajamaliza sentensi. Mtumishi anayepiga picha ya mgonjwa na kuirusha kwenye grupu aadhibiwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kumripoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inapaswa kuwa hivyo. Sasa niulize mimi: wale wanaofika kwenye ajali wakaanza kurekodi majeruhi nguo zimechanika, uso mzima unaonekana, ndugu wa marehemu wanapata habari za msiba kupitia simu ya jirani, hao wanaandikiwa barua na nani? Mnawasambazia klipu zao, kisha mnamhukumu nesi aliyecheka akiwa na bakuli la supu.

Ninachotaka ni hiki. Zile barua zifutwe na zitolewe kwenye mafaili, zisije zikamzuia mtu kupanda daraja. Tangazo libanduliwe. Tupewe chumba, hata kidogo, chenye viti na mlango unaofungwa, na baada ya kila kifo cha ghafla au ajali kubwa timu ipewe dakika 10 za kukaa pamoja kabla ya kutawanyika, dereva na mhudumu wa usafi wakiwemo, kwa sababu anayefuta damu sakafuni naye ameona kila kitu. Mpaka chumba hicho kipatikane, mama ntilie yuko pale pale na sisi tutakwenda.

Mwenye ile klipu aifute, asimtumie mtu mwingine. Na ninyi wenzangu wa dharura wa Mwanza, Mbeya, Dodoma, Unguja, na ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi, kwenu mkitoka zamu mnakaa wapi, na nani amewakataza? Andikeni hapa, bila kutaja hospitali wala mgonjwa.