Taa ya spana haizimi baada ya kumwaga oili, nifanyeje?

Dereva wa Pongwe:
Wakuu, habari za jioni. Pikipiki yangu ni cc 150 ya Kihindi, nimeinunua kwa mtu, kitabu chake kilishapotea. Kila siku napiga Pongwe hadi Tanga mjini, siku nyingine Muheza. Kilomita zilipogonga 15,000 ikawaka taa ya njano yenye alama ya spana. Nimemwaga oili, nimeweka filta na plagi mpya, taa iko palepale. Fundi mmoja anataka 25,000 aifute kwa kompyuta, mwingine kasema tukate waya. Leo asubuhi mama mmoja ninayempeleka sokoni kaniuliza, "Mwanangu, taa hii si ya hatari?" Nilikosa jibu. Naombeni msaada.

Kijana wa Makorora:
Chomoa betri dakika kumi, urudishe. Itasahau yenyewe.

Fundi Ngamiani:
Hapana, mdogo wangu. Ukichomoa betri kilomita zinarudi sifuri? Hazirudi. Na hesabu ya servisi imetunzwa vilevile.

Kaka wa Pongwe, waya usikatwe. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haijui kama oili ni mpya au imekuwa lami. Ndiyo maana umemwaga na bado inawaka: hakuna aliyeiambia.

Pikipiki nyingi za aina yako zinafutwa kwa vitufe vya dashibodi. Zima swichi. Bonyeza kitufe kile cha kurudisha kilomita za safari sifuri, kishikilie hivyohivyo, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Usiachie mpaka spana ipepese na kuzima. Kama kuna vitufe viwili na kimoja kimegoma, jaribu vyote kwa pamoja. Kompyuta ni kweli ipo, lakini mara nyingi ni kwa pikipiki kubwa kama BMW na Triumph.

Ila kabla ya kufuta, hakikisha oili imeingia kweli. Nalisema hili kwa uchungu. Kuna kijana nilimfundisha mwenyewe kuzima taa hii, akawa anaizima kila inapowaka, oili hamwagi. Injini ikamkamata Kigombe akitoka Pangani na abiria mgongoni. Nilipoifungua, oili iliyotoka haikujaa kikombe cha kahawa, nyeusi, na ukiisugua kati ya vidole unasikia chembe za chuma. Pistoni ilikuwa na michirizi ya kuingia kucha. Tangu siku ile simfundishi mtu kuzima taa kabla sijaona kipimo cha oili.

Kwa hiyo washa injini dakika tatu, zima, subiri kidogo, pikipiki ikiwa wima. Futa kijiti cha kipimo, kirudishe, kisome. Kama ina kioo pembeni, angalia hapo. Na oili iwe ya pikipiki, kopo limeandikwa JASO MA. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze, maana klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyohiyo.

Ikiwaka taa nyekundu ya kopo la oili ukiwa njiani, hiyo ni habari nyingine. Zima injini hapohapo, sukuma.

Mwalimu Raskazone:
Fundi, ahsante. Mimi husahau nilimwaga lini, na taa ya kwangu iliungua zamani.

Fundi Ngamiani:
Mwalimu, andika kilomita kwenye selotepu, bandika chini ya siti. Wateja wangu wote nawabandikia.

Dereva wa Pongwe:
Fundi, Mungu akubariki. Mara ya kwanza niliachia mapema, ikagoma. Mara ya pili nikashikilia mpaka kidole kikauma, spana ikapepesa mara tatu, ikazima. Oili nimepima, iko katikati ya alama mbili. Nimebandika selotepu: 15,212. Kesho asubuhi yule mama nampeleka sokoni, nitamwonyesha.