Batani nne zinazima kwa mpigo nikiinua paneli ya gemu, msaada wa waya wakuu

mkazi_buzuruga: Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha gemu huku Buzuruga, Mwanza, madogo wanacheza kwa mia mbili mia mbili na pedi hazidumu kabisa, so nimeamua nijenge paneli yangu ya plaiwudi, joistiki mbili na batani sita kila upande. Bodi ni enkoda ya USB (inayoiambia kompyuta batani gani imebonyezwa) ile ya kukaza waya kwa skrubu, ina GND (graundi) moja tu, kompyuta inaisoma fresh. Waya nimechomoa kwenye kebo ya intaneti, graundi nimeirusha batani hadi batani kuanzia kushoto mpaka mwisho kulia. Shida ni kwamba batani ya ngumi ya kushoto inajibonyeza yenyewe, jamaa kwenye skrini anapiga hewa tu, ukiibonyeza ndo anatulia. Halafu batani nne za mwisho kulia zinazima zote nikiinua paneli, nikiishusha zinarudi. Nimebadilisha batani wapi. Kuna fundi anasema nipeleke graundi kwenye ethi ya ukutani, nifanye hivyo?

risasi_moto: Hiyo ya ngumi umechomeka NC mkuu. Soma ubavuni mwa mikroswichi (kile kiswichi kidogo chini ya batani), kuna COM (pini ya pamoja), NO (iliyoachana mpaka ubonyeze) na NC (iliyoshikana mpaka ubonyeze). NC imeshikana na COM muda wote, ukibonyeza ndo inaachia. GND weka COM, waya wa enkoda weka NO, imeisha hiyo.

dogo_wa_igoma: Peleka ethi tu, bila ethi watoto watapigwa shoti

risasi_moto: Wapigwe na nini, USB ni volti 5! Ethi ni ya ganda la chuma la kifaa kinachokula umeme wa ukutani. GND ya enkoda ni njia ya kurudia tu, batani ikibonyezwa inagusanisha pini na GND, bodi inajua imebonyezwa. Usichanganye hivyo vitu.

mama_waya: Mkuu zikifa nne za mwisho pamoja usibadilishe batani, waya umekatika kati ya ile ya mwisho inayofanya kazi na ya kwanza iliyokufa. Kwako ni kati ya batani ya pili na ya tatu kulia. Waya wa kebo ya intaneti mara nyingi una uzi mmoja mgumu ndani, ukiukunja kunja unakatikia ndani ya plastiki, kwa macho huoni. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Na ukifika batani ya mwisho usiishie hapo, rudisha waya hadi GND ya bodi iwe duara, hata pakikatika sehemu moja zote zinaendelea kupata graundi upande wa pili.

mkazi_buzuruga: Aisee dada nimeuvuta huo waya umetoka mkononi, ulikuwa umeshikwa na plastiki tu 😂 Ngumi nayo imetulia. Sasa nataka kuweka batani zenye taa, nimeona zimeandikwa 12V, natoa wapi hiyo umeme?

mama_waya: Tafuta za 5V zitakula humohumo kwenye USB, ila kama zote 12 zitawaka pamoja zipe chaja yake ya pembeni. Taa ina pini zake mbili mbali na swichi. Ukilazimisha za 12V hakikisha hiyo 12 haigusi pini yoyote ya enkoda, ikigusa utanunua nyingine.