Nimehama kutoka podi kwenda kifaa cha kupanga wati: kwa nini koili inaungua na koo linawasha?

Mvukizaji_Mpya

Wakuu, heshima zenu. Niliacha sigara kwa msaada wa sigara ya kielektroniki, kifaa kidogo cha podi, kile kisichokuwa na kitufe wala skrini: unavuta, kinawaka, basi. Sasa nimepata kifaa kikubwa kidogo kinachotumia betri moja ya 18650 (saizi ya betri ya lithiamu), chenye skrini ya kupangia wati, tangi, na koili (waya wenye pamba unaogeuza kimiminika kuwa mvuke) mbili za aina tofauti. Moja imeandikwa omu (kipimo cha ukinzani) 0.2, wati 40 hadi 80. Nyingine imeandikwa omu 0.8, wati 12 hadi 18. Nimejaza kimiminika kilekile nilichokuwa nikitumia kwenye podi, yaani chumvi ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, nusu propileni glikoli na nusu gliserini.

Nikitumia koili ya omu 0.2, kimiminika huvuja kupitia matundu ya hewa, koo huwasha na kichwa huzunguka baada ya kuvuta mara chache tu. Nilipofunga ile ya 0.8 bila kugusa kitu kingine chochote, ladha ya kuungua ilitokea papo hapo na haijaondoka hadi sasa. Kwenye menyu pia kuna sehemu ya kudhibiti joto yenye orodha ya metali. Nilichagua nikeli na sikuona tofauti yoyote. Naomba kueleweshwa ni kipi hupangwa kwanza na kipi hufuata. Aidha, rafiki yangu anataka kuniachia kifaa chake cha kimekanika, bomba tupu lisilo na skrini. Je, kinanifaa?

Fundi_Koili

Ndugu, anza na koili, kwa maana ndiyo inayoamua wati, kimiminika, kiasi cha nikotini na hata namna ya kuvuta. Koili ya 0.8 iliungua kwa sababu uliiachia wati ulizopangia ile ya 0.2. Waya wake ni mdogo na pamba yake ni kidogo. Ukiipelekea nguvu iliyozidi mara mbili ya ile inayoihimili, pamba hukauka kabla ya kimiminika kuifikia, kisha huungua. Pamba iliyokwisha kuungua haitengenezeki, kwa hiyo itupe koili hiyo. Usijizoeze kuvumilia ladha ile, kwa kuwa kimiminika kinachopashwa moto kwenye pamba kavu huzalisha formaldehaidi na akrolini, na koo lako lina haki ya kulalamika.

Kuhusu kuvuja: koili ya 0.2 ina matundu makubwa ya kupitishia kimiminika kwa sababu inakitumia kwa wingi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni mwepesi mno kwake, hivyo huizamisha. Koili za aina hiyo hutaka kimiminika kizito, chenye gliserini asilimia 70 au zaidi, ilhali kizito hicho ukikiweka kwenye koili ndogo kitashindwa kupenya kwa kasi inayotakiwa na utarudi kwenye kuungua. Hakikisha pia kwamba unafunga njia ya hewa wakati wa kujaza, na kwamba humimini ndani ya bomba la katikati ambalo mvuke hupitia.

Sasa jambo zito zaidi. Kichwa kuzunguka ni dalili kwamba unapata nikotini nyingi kupita kiasi. Koili ya 0.2 hugeuza kimiminika kingi kuwa mvuke kwa mvuto mmoja, nao mvuke huo huingia mapafuni moja kwa moja bila kukaa mdomoni. Kiwango cha miligramu 20 kilitengenezwa kwa mvuto mdogo wa mdomoni kama wa podi yako. Kwenye 0.2 watu wengi hutumia miligramu 3, na mimi sishauri kuvuka 6. Acha kabisa kukitumia kimiminika hicho kwenye koili hiyo leo hii.

Ukipata koili mpya, dondoshea matone machache kwenye pamba inayoonekana, jaza tangi, subiri kama dakika kumi, kisha anzia kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye koili. Kwa 0.2 anzia wati 40, ongeza tano tano, na usimame pale ladha inapokamilika. Mimi ningefika 60. Gusa njia ya hewa baada ya kutulia kwenye wati fulani, wala si vyote viwili kwa pamoja, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta mabadiliko.

Ampea_Salama

Ninakubaliana na Fundi isipokuwa kwenye hizo wati 60. Muulizaji amesema betri yake ni moja. Katika kifaa chenye saketi ya kudhibiti, mkondo unaotoka kwenye betri hautegemei omu za koili bali wati ulizopanga na volti iliyobaki kwenye betri. Betri ikishuka hadi volti 3.2, wati 60 zinahitaji takribani ampea 19 kabla hata ya kuhesabu nguvu inayopotea ndani ya saketi. Ukiihesabu, unapita 20, nazo 18650 nyingi zilizo nzuri huhimili ampea 20 mfululizo au pungufu. Wati 80 zilizoandikwa kwenye koili zinaeleza uwezo wa koili, si wa betri yako. Bakia 50 au chini yake.

Kuhusu bomba la kimekanika, jibu langu ni hapana kwa sasa. Humo hakuna kitu chochote kinachosimama kati ya betri na koili: hakuna kikomo cha mkondo, wala kinga dhidi ya shoti, wala kinachozima betri ikiisha. Betri iliyojaa ina volti 4.2, gawanya kwa 0.2 upate ampea 21, yaani takribani wati 88, na namba hizo huzipangi wewe. Anayekitumia hulazimika kupima omu kwa kipimo cha pembeni kila anapobadilisha koili na kuhakikisha kwamba matundu ya kutolea gesi hayajaziba. Plastiki inayoifunika betri ikichanika hata kidogo, ibadilishwe kabla ya matumizi, kwenye kifaa chochote kile. Na betri ya akiba haikai mfukoni pamoja na funguo.

Waya_na_Pamba

Niongezee kuhusu joto, kwa kuwa limerukwa. Kifaa hakina kipimajoto. Hukisia joto kwa kutazama jinsi ukinzani wa waya unavyopanda unapopata moto. Ukinzani wa nikeli hupanda sana, wa titani kiasi, wa chuma cha pua kidogo, na wa kanthali, yaani aloi ya chuma, kromi na alumini, karibu haupandi kabisa. Koili nyingi zinazouzwa zikiwa tayari ni za kanthali, na yamkini zako ni hizo. Ukichagua nikeli, kifaa kinasubiri ongezeko ambalo halitatokea, na ama kitarudi chenyewe kwenye wati, ama kitaendelea kusukuma umeme kikidhani koili bado ni baridi. Achana nayo hadi upate koili iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya chuma cha pua. Siku hiyo, hifadhi omu za mwanzo koili ikiwa imepoa kabisa. Ukizihifadhi ikiwa ya moto, nyuzijoto 210 za Selsiasi za kwenye skrini zitakuwa nyingi zaidi kwenye pamba. Wengi huridhika kati ya nyuzi 200 na 230.

Mvukizaji_Mpya

Nashukuruni sana. Basi nitanunua koili nyingine ya 0.8 ili nimalize kimiminika nilichonacho. Je, hiyo inafaa kwa miligramu 20, na mbona koili za podi zilikuwa zikigeuka nyeusi upesi hata bila kuungua?

Fundi_Koili

Inafaa kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, ila itatoa mvuke mwingi kuliko podi, kwa hiyo punguza hewa, anza na wati 12 na uvute kifupi. Kichwa kikizunguka tena, shuka hadi miligramu 10. Weusi huo kwa kawaida ni mabaki ya kitia utamu yaliyoganda kwenye waya. Vimiminika vitamu sana huchosha koili mapema, na kupunguza wati hakutazuia hilo. Chagua kisicho na kitia utamu, au zoea kubadilisha koili mara kwa mara.